VIJANA NA KAZI: Je, Kuna Mtu Anayelipwa Kwa Kucheza?



Mwezi huu najibu ulizo moja tu. Mwenye kuliuliza alikuja mwenyewe nyumbani kwangu, siku ya posho, saa ya jioni. Ni kijana wa kanisa letu, anasoma mwaka wa sita wa sekondari. Baba yake alifanya kazi miaka mingi chini ya ardhi kule Kamoto, sasa ametuacha. Mama anauza unga sokoni. Kijana aliketi, akaangalia chini, kisha akasema:

"Baba Pasta, minataka uniongelee na mama. Kuko kazi ya kujaribu michezo ya video ku Kanada. Kule banalipaka batu juu ya kucheza. Banaomba dola mia moja na makumi mbili ya kujiandikisha. Mama iko nayo, lakini anakatala."

Nikamuuliza: "Ile feza mama aliitunza juu ya nini?"

Akanyamaza kidogo. "Ni ya likelemba. Ilikuwa ya Egzeta yangu."

"Na weye unajua kucheza?"

Hapo aliinua kichwa. "Baba Pasta, mu kartye yetu hakuna mwenye kunishinda."

Sikumcheka. Nilimwomba aniachie siku kumi na tano mbele ya kunijibisha neno lolote kwa mama yake, na mbele ya kutuma hata franka moja. Katika siku zile niliuliza ndugu wanaofanya kazi na ordinateri, ndiyo kompyuta, nikasoma pia habari za kazi hiyo. Nilivyomwambia yeye, nawaambia ninyi pia, kwa sababu najua hayuko peke yake. Katika kila kartye yetu kuko nyumba ya michezo yenye televizyo na jenereta, na ndani yake watoto wetu.

KAZI HII NI NINI?

Tuanze na ukweli: kazi hii iko. Juu ya jambo hilo kijana hakudanganywa. Kuko watu Marekani, Kanada, Japani, Uingereza, Poland, Romania na nchi zingine wanaopokea mshahara kwa kujaribu michezo ya video.

Mchezo wa video ni programu, maana yake ni maagizo mengi sana yaliyoandikwa na watu ili mashine iyafuate. Wanaoyaandika ni watu, na watu wanakosea. Basi mbele ya mchezo kuuzwa, lazima watu wengine waupitie, watafute makosa na kuyaandika. Hao ndio wajaribu michezo.

Lakini kijana wangu, kujaribu si kucheza. Mchezaji anakimbia kwenda mbele apate kushinda. Mjaribu anapewa ukuta mmoja na kuambiwa: gonga ukuta huu kila fasi, uone kama mtu anaweza kupita katikati yake. Anafungua mlango akiwa amebeba kitu, anaufungua mikono mitupu, anaufungua akikimbia, anaufungua kinyumenyume. Anakata kura katikati ya kutunza mchezo, aone kama kila kitu kimepotea. Kesho yake mafundi wakitengeneza kosa, anarudia yote tokea mwanzo, kwa sababu kutengeneza kosa moja kunaweza kuzaa mengine mawili. Na mchezo ni ule ule, miezi sita, pengine mwaka mzima, hata kama ni mchezo wa watoto wadogo na haumpendezi.

Nilimwambia yule kijana: nenda uulize wazee waliofanya kazi na baba yako. Nyuma ya baruti kulipuka, watu hawaingii tu na kuanza kupakia mawe. Kuko mtu anayetangulia na chuma kirefu. Anagonga mwamba wa juu na kusikiliza. Mwamba mzima unalia sauti kali. Mwamba uliopasuka unatoa sauti nzito kama ya ngoma. Mtu yule hatoi hata kilo moja ya shaba kwa kazi ile. Lakini wenzake wanarudi nyumbani kwa sababu ya sikio lake. Mjaribu michezo ni mtu wa chuma kirefu. Hatafuti kushinda, anasikiliza fasi inayolia vibaya.

Kijana alifikiri, akasema: "Ile kazi, baba aliifanyaka." Nikamjibu: basi haikosi damu yake iko ndani yako.

MDUDU MMOJA, NA MASHIMO MENGI

Katika kazi hii kosa la programu linaitwa mdudu. Mafundi walikuwa wakitumia neno hilo tangu zamani, lakini kuko siku moja ambapo mdudu wa kweli alipatikana. Tarehe 9 Septemba 1947, kwenye chuo kikuu cha Harvard, Marekani, mashine kubwa ya kuhesabu iliyoitwa Mark II ilikuwa inakosea. Mafundi walipotafuta ndani yake wakakuta nondo, yule mdudu anayefuata taa usiku. Wakamtoa, wakambandika kwenye kitabu chao cha kazi na kuandika habari yake pembeni. Kitabu hicho kimetunzwa katika museo ya Smithsonian. Angalieni jambo hili vema: hawakutosheka kumtupa mdudu. Walimwandika. Ndipo kazi ya kujaribu inapoanzia.

Na kampuni isipojaribu vya kutosha, inatokea nini? Mwaka wa 1982 kampuni ya Atari ilitaka mchezo wa sinema ya E.T. uwe tayari kuuzwa wakati wa Noeli. Fundi mmoja, Howard Scott Warshaw, alipewa majuma yapata tano tu kuutengeneza wote. Mchezo ulitoka, na watoto wakalalamika kwamba mtu wa mchezo anaanguka katika mashimo kila wakati na kutoka kwake ni shida. (Sisi wa nchi ya mashimo tunaelewa.) Mwaka wa 1983 Atari ilipeleka mali nyingi isiyouzwa kufukiwa katika jalala la mji wa Alamogordo, jangwani. Watu walidhani ni hadithi tu, mpaka walipochimba mwezi wa Aprili 2014 na kuikuta, ile michezo ya E.T. ikiwa kati yake.

Msiseme hayo ni ya zamani. Tarehe 10 Desemba 2020 kampuni ya CD Projekt Red ya Poland ilitoa mchezo mkubwa unaoitwa Cyberpunk 2077. Watu wengi waliungojea miaka. Lakini kwenye mashine za zamani za PlayStation na Xbox ulikuwa na makosa mengi hivi kwamba, juma moja tu lilipopita, Sony iliuondoa katika duka lake la intaneti na kurudishia wanunuzi feza zao. Uliruhusiwa kurudi katika duka lile mwezi wa Juni 2021. Ndiyo maana kampuni zinahitaji wajaribu. Kosa lililoonekana mapema linatengenezwa kwa saa moja. Kosa lililoonekana na mnunuzi linaweza kuaibisha kampuni nzima.

KALAMU INASHINDA KIDOLE

Wajaribu si wa namna moja. Wengine wanatafuta makosa ya kawaida, kama ule ukuta. Wengine wanajaribu mchezo mmoja kwenye telefoni za namna nyingi, za bei kubwa na za bei ndogo. Wengine wanaangalia kama mchezo unafuata sheria za wenye mashine, kwa maana Sony, Microsoft na Nintendo kila mmoja ana kanuni zake, na mchezo usiozifuata haupewi ruhusa. Wengine wanaangalia lugha: maneno ya Kiingereza yakigeuzwa kuwa Kifaransa yanakuwa marefu, yanatoka nje ya kisanduku chake, au mwanamke anaitwa kama mwanaume.

Wote wana kitu kimoja: wanaandika raporo. Fundi anayetengeneza pengine yuko nchi ingine, hakuona ulichoona. Anajua tu kile ulichoandika. Angalieni raporo hii:

"Mchezo wa mpira unaharibika. Tengenezeni upesi."

Hiyo ni bure. Fundi hawezi kufanya nayo kitu. Sasa angalieni hii:

"Mchezo unajifunga wenyewe wakati wa penalti. Toleo la mchezo: 1.4. Telefoni: Android 11. Hatua: (1) Anza mashindano ya kombe. (2) Maliza mechi kwa sare mpaka penalti. (3) Mbele ya kupiga penalti ya kwanza, pokea simu, kisha ikate. (4) Rudi kwenye mchezo. Kilichongojewa: penalti iendelee. Kilichotokea: mchezo unajifunga, na matokeo yanapotea. Nimerudia mara 10, imetokea mara 8. Video iko."

Hii inaweza kupata mshahara. Mwenye kuiandika pengine si mchezaji hodari. Pengine kila mtoto wa kartye anamshinda. Lakini ana macho, ana uvumilivu, anajua kuhesabu mara, na anajua kuandika bila kuongeza chumvi. Kijana wangu, ukisema "hakuna mwenye kunishinda", hujanijibu bado. Nijibu hili: unaweza kuandika hatua nne mtu mwingine azifuate bila kupotea?

MSHAHARA NA KONTRA

Sasa tuongee feza, maana ndiyo iliyomleta kijana kwangu.

Katika kampuni nyingi mjaribu ndiye wa chini katika ngazi, na mara nyingi kontra yake ni ya muda. Mchezo ukikaribia kutoka, wanaitwa wengi na wanafanya saa nyingi, hata usiku. Mchezo ukitoka, wengi wanarudishwa nyumbani. Ninyi mnaojua kazi ya siku katika kampuni ndogo za migodi, hamhitaji nieleze zaidi.

Mwezi wa Desemba 2021, katika kampuni ya Raven Software kule Wisconsin, Marekani, wajaribu 12 waliambiwa kwamba kontra zao zinakwisha. Walikuwa wanajaribu mchezo unaojulikana dunia nzima, Call of Duty. Wenzao waliacha kazi majuma kadhaa kwa kuwatetea. Kisha wajaribu waliomba kuunda sendika, na tarehe 23 Mei 2022 kura zilihesabiwa: 19 walikubali, 3 walikataa. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule kampuni mama, Activision Blizzard, ilikuwa imetangaza kwamba wajaribu wake wa muda wapata 1,100 watapewa kazi ya kudumu, na kwamba mshahara wa chini utakuwa dola 20 kwa saa. Mwezi wa Januari 2023 wajaribu wapata 300 wa ZeniMax, kampuni ya Microsoft, nao wakapata sendika yao.

Msishangilie upesi. Mwezi wa Februari 2023 kampuni ya Electronic Arts iliondoa wajaribu wapata 200 katika mji wa Baton Rouge, Louisiana. Waliambiwa kwa mkutano wa video. Siku moja mtu yuko na kazi, siku ile ile hana.

Na dola 20 kwa saa, mtu wa Kolwezi akiisikia, anahesabu kwa bei ya unga wa hapa. Uhesabu kwa bei ya nyumba ya kule. Mwenye kupokea dola 800 kwa juma Marekani analipa kodi ya Serikali, nyumba, gari la kwendea kazini na matibabu. Anaishi, lakini si tajiri.

MTU WA HUKU ANAWEZA KUINGIA WAPI?

Nitasema bila kuficha. Kwa mtu anayekaa Kolwezi, Likasi au Lubumbashi, kazi ya mshahara ya kujaribu michezo tu ni mlango mwembamba sana. Lakini sitasema umefungwa, kwa sababu haujafungwa. Naona njia tatu.

Ya kwanza ni lugha. Mji wa Montréal, Kanada, ni mojawapo ya miji mikubwa ya kazi hii. Ubisoft, kampuni ya Ufaransa, ilifungua nyumba yake kule mwaka wa 1997, na wengine wakafuata. Kampuni kama Keywords Studios, iliyoanzia Dublin mwaka wa 1998, zinafanya kazi ya kujaribu kwa niaba ya wengine, na zinahitaji watu wa kuangalia Kifaransa. Ninyi mmesoma kwa Kifaransa tangu utoto. Hiyo ni mali. Lakini ni lazima kiwe Kifaransa safi cha kuandika, na Kiingereza cha kutosha kuongea na wenye kazi. Watu wengi wanaoingia kwa njia hii walikwisha kuwa kule, kwa masomo au kwa jamaa. Usianze safari juu ya kazi hii peke yake.

Ya pili ni Afrika yetu. Pale Yaoundé, Kameruni, vijana wa Kiro'o Games walitengeneza mchezo unaoitwa Aurion wakautoa mwaka wa 2016, na hadithi yake imetoka katika mila za Afrika. Leti Arts, iliyoanza mwaka wa 2009, iliunganisha kijana wa Ghana na kijana wa Kenya. Kampuni hizi ni ndogo. Mtu mmoja anafanya kazi tatu. Hazimtafuti mjaribu tu, zinamtafuta mjaribu anayejua pia kuchora, au kuandika programu, au kutafsiri.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi: kujaribu programu zisizo michezo. Benki iko na programu. Feza ya telefoni, M-Pesa na Airtel Money tunazotumia kila siku, ni programu. Hospitali, shule na kampuni za migodi nazo zinafanya kazi kwa programu. Zote zina wadudu, na mdudu wa programu ya feza anaweza kumeza mshahara wa baba wa watoto sita. Kule Marekani, hesabu za Serikali za mwaka 2024 zilionyesha kwamba wajaribu wa programu za namna zote, ukichukua yule wa katikati, walipita dola 100,000 kwa mwaka. Linganisheni wenyewe na zile dola 20 kwa saa. Ufundi ni mmoja: kugonga, kusikiliza, kuandika. Mwenye kuujifunza kwa michezo anaweza kuubeba kwenda fasi ingine. Mwenye kujua kucheza tu, siku nyumba ya michezo inafungwa, anabaki na vidole vyake.

YULE WA WHATSAPP

Sasa nirudi kwa zile dola 120. Wazazi, hapa msikilize sana.

Mwenye kazi ya kweli hamwombi mfanyakazi feza ili amwajiri. Yeye ndiye anayelipa. Akiomba "ya kujiandikisha", "ya mafunzo", "ya karatasi za viza", simama. Ruhusa ya kufanya kazi Kanada inatolewa na Serikali ya Kanada. Haitolewi na mtu mwenye namba ya telefoni tu. Kampuni ya kweli iko na anwani, inataka kuongea nawe, inakupa mtihani, inakuonyesha kontra uisome mbele ya kutia sahihi. Mwizi ana haraka: "Tuma leo, fasi zimebaki mbili." Na anaahidi kitu ambacho kazi hii haina, yaani kulipwa juu ya kucheza tu. Hapo ndipo utamtambua. Mtu anayejua kazi hii asingeisifu namna ile.

Nilimwambia kijana amwandikie yule mtu maneno matatu tu: aombe jina kamili la kampuni, anwani yake, na kontra. Aliandika mbele yangu. Yule mtu alijibu kwa upesi: "Lipa kwanza." Kijana akaandika tena kwamba mchungaji wake anataka kuona kontra. Toka siku ile, namba ile imenyamaza.

Kuko pia kampuni za intaneti zinazoandikisha wajaribu wa nje bila kulipisha, na zinalipa kwa kila kosa lililokubaliwa. Hiyo si mshahara. Miezi mingine unaweza kupata kidogo, mingine sifuri, na kazi hazitolewi kwa watu wa kila nchi. Ichukue kuwa shule, usiihesabie kodi ya nyumba.

UFANYE NINI TOKEA KESHO?

1. Maliza masomo. Diplome ya Serikali si mapambo ya ukutani. Bila hiyo, mlango mwingi unafungwa mbele hujagonga.

2. Nunua kaye moja. Chagua mchezo mmoja au programu moja ya telefoni yako. Kila juma tafuta makosa matatu, uyaandike kama nilivyoonyesha: toleo, hatua, kilichongojewa, kilichotokea, mara ngapi. Mpe rafiki asiyejua mchezo ule azifuate hatua. Akipotea, raporo yako ndiyo yenye mdudu. Nyuma ya miezi sita utakuwa na kitu cha kuonyesha mtu, kuliko kusema tu "napenda michezo".

3. Kuko michezo inayotolewa kwa watu wote kabla haijamalizika, ili wachezaji waseme makosa. Hawakulipi. Lakini unaweza kuona raporo za wengine na namna mafundi wanavyojibu.

4. Jifunze Kiingereza cha kusoma. Usingoje mwalimu, anza na maneno ya mchezo wenyewe.

5. Ukipata nguvu, fanya mtihani wa msingi wa ISTQB, ndicho cheo cha wajaribu wa programu kinachojulikana nchi nyingi. Ni maswali 40 kwa dakika 60, na unapita ukipata 26. Ukifanya kwa lugha isiyo yako, unaongezewa dakika 15. Mtihani unalipwa, lakini kitabu cha masomo yake kinapatikana bure kwenye intaneti, na kiko kwa Kifaransa pia. Soma kwanza, ulipe nyuma.

6. Keti na uhesabu gharama, kama mwenye kutaka kujenga mnara katika Injili. Ordinateri ni bei gani? Intaneti ya mwezi je? Kura ikikatika siku mbili, utafanya namna gani? Andika hesabu hiyo, uionyeshe baba au mama.

NENO KWA WAZAZI

Najua namna mnavyoona mtoto aliyekaa mbele ya televizyo saa tatu. Na mimi ni mzazi. Lakini tusiseme "ni kazi ya wavivu", kwa sababu si kweli, na mtoto anajua si kweli. Tukisema uongo juu ya jambo hilo, hatatusikia juu ya yule mwizi. Mwambie hivi: "Kama ni kazi, tuione kama kazi. Nionyeshe kaye yako." Mwenye kutaka kucheza tu atachoka upesi. Mwenye kuitaka kazi atakuletea kaye.

Na tukumbuke jambo moja. Nchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inatoka katika udongo huu tunaokanyaga. Inaingia katika betri za telefoni ambamo watoto wa dunia wanacheza. Mpaka leo tunatoa mawe, wengine wanatoa mchezo. Siwezi kumkemea kijana wa Kolwezi anayetaka kuingia upande ule mwingine. Ninachomwomba ni kuingia na macho wazi.

Mama yake alilipa Egzeta kwa ile feza ya likelemba. Kijana hakufurahi sana siku ile, sitasema uongo. Lakini siku ya Mungu iliyopita, nyuma ya ibada, alinipa kaye. Ndani yake mlikuwa makosa matatu. La kwanza na la pili sikuyaelewa. La tatu nililifuata hatua kwa hatua kwenye telefoni ya binti yangu, na mchezo ukajifunga sawasawa kama alivyoandika.

Nilimrudishia kaye na kumwambia kwamba hatua ya pili imekosa neno moja. Akachukua kalamu pale pale.

Tuonane mwezi ujao. Mkiwa na ulizo juu ya kazi au masomo, liandikeni na mliache kwa mchungaji wa parokia yenu, litafika.

Ndugu yenu, Pasta wa ukurasa huu.